Siku ya kuonja tembo la mnazi, uraka na mvinyo wa mabibo Mtwara: njooni tuipange kabla msimu haujapita

Mwana wa Ligula (mleta uzi)

Habari za jioni wanakusini, na wageni wote mliomo humu.

Kundi letu ni watu kumi na wawili. Tulisoma pamoja, sasa tumetawanyika: wengine tupo Mtwara mjini, wengine Masasi, Lindi na Dar. Tumekubaliana kukutana Jumamosi ya mwisho ya Oktoba. Mwenzetu aliyewahi kufanya kazi Dodoma ndiye aliyeleta wazo la siku ya kuonja mvinyo. Kule, anasema, mnatoka mjini asubuhi, mnafika Hombolo, mnaona zabibu zikiwa shambani, mnaonyeshwa mapipa, mnaonjeshwa kidogo kidogo, jioni mmerudi. Wote walilipenda. Mimi nikawauliza: kwa nini tusafiri nchi nzima kutafuta tunda lenye kinywaji chake, na Oktoba hapa Mtwara ardhi yote chini ya mikorosho ni nyekundu na njano kwa mabibo?

Ndiyo maana nimefungua uzi huu. Naamini uraka, yaani pombe ya maji ya mabibo yaliyochachuka, ukitengenezwa vizuri unastahili kuonjwa kwa utulivu kama watu wanavyoonja mvinyo wa zabibu, na nataka siku yetu ijengwe juu ya imani hiyo. Sitafuti mahali pa kulewa. Vilabu vinajulikana, mwenye hamu hiyo hahitaji kupangiwa na mtu.

Niwaeleze ninavyoliona tunda lenyewe. Bibo si tunda kwa maana kamili, ni kikonyo kilichovimba na kujaa maji. Tunda halisi la mkorosho ni ile korosho inayoning'inia chini yake. Kikonyo hicho kina sukari ya kutosha kuchachuka chenyewe, kina vitamini C kupita chungwa, na kina ule ukakasi unaokaza ulimi. Watu wengi huuchukia ukakasi, wakasema bibo ni chakula cha watoto na ng'ombe. Lakini ukakasi huo unatokana na tanini, na tanini hiyohiyo ndiyo wanywaji wa mvinyo mwekundu wanaisifia, wanasema mvinyo una mwili. Kwenye zabibu hutoka kwenye ganda na mbegu. Kwetu imo ndani ya nyama ya bibo. Basi mtu anayeweza kukaa na glasi ya mvinyo mkavu wa Dodoma akausifia, ana kila sababu ya kukaa na kata ya uraka akausikiliza vilevile.

Na mali inayopotea ni nyingi mno. Msimu wa 2017/18 nchi yetu ilivuna zaidi ya tani 300,000 za korosho ghafi, na sehemu kubwa ilitoka huku Kusini. Bibo huizidi korosho yake uzito mara tano hadi kumi. Pigeni hesabu wenyewe: ni zaidi ya tani milioni moja na nusu za mabibo kwa msimu mmoja, na mengi yaliozea pale pale yalipoangukia. Kila nikipita shambani Oktoba nikasikia harufu ile, roho inaniuma.

Sasa mpango, kama nilivyouandika kwenye daftari. Naomba muuchambue.

Saa 12 asubuhi tunaondoka mjini na Hiace ya kukodi. Tunaanza upande wa Mikindani, kwenye minazi, kwa sababu tembo la mnazi halimsubiri mtu. Mgema hupanda alfajiri, anateremsha kilichodondoka usiku kutoka kwenye karara aliyoikata na kuifunga. Saa hiyo tembo ni tamu, jeupe kama maji ya mchele, lina povu kidogo. Hamira yake imo hewani na kwenye kibuyu chenyewe, hakuna anayeitia. Kufika adhuhuri limekuwa kali, kesho yake linaelekea kuwa siki. Atakayelionja saa moja asubuhi na atakayelionja saa kumi jioni wameonja vinywaji viwili tofauti. Ndiyo maana nataka tununue la asubuhi, tunywe kidogo, lingine tulibebe kwenye dumu lisilokazwa kifuniko, tulionje tena mchana na tena jioni. Kwangu mimi hilo tu linatosha kuwa sababu ya safari.

Baada ya tembo tunapata chai Mikindani, mihogo ya kuchemsha na samaki wa kukaanga. Wageni wetu watapita kuliona Boma la Wajerumani, lililojengwa 1895. Sitaki tukae sana hapo. Mabibo yanatungoja.

Kisha tunarudi, tunashika barabara ya Newala. Naliendele kuna kituo cha utafiti wa kilimo, ndicho kinachoongoza utafiti wa korosho nchini, na wataalamu wake wamekuwa wakifundisha vikundi kusindika mabibo kuwa juisi, jamu na mvinyo. Hatuwezi kujitokeza tu mlangoni siku ya Jumamosi, kwa hiyo nimeanza kuandika barua kuomba tupokewe, au angalau tuelekezwe kwa kikundi cha akina mama kinachouza mvinyo wa mabibo kwenye chupa. Mbele zaidi, upande wa Nanguruwe, kuna mama mmoja mtengenezaji wa uraka ambaye familia yetu inamfahamu miaka mingi. Kwake ndiko tutakaa mchana.

Maswali yangu: Mpangilio huu wa kuonja uko sawa? Tubebe nini? Tuwalipeje wenyeji bila kuwadhalilisha wala kuwaharibia bei wenzao? Na kati yetu wapo watatu wasiogusa kileo kabisa; nataka wafurahie siku sawa na sisi.

Karibuni.

Newala Juu

Njomba, umenigusa. Nimezaliwa juu ya uwanda wa Makonde, bibi yangu alikuwa anatengeneza uraka, na sijawahi kusikia mtu akiuzungumzia kwa heshima hiyo.

Nikuongezee kutoka kwa bibi. Uraka mzuri unaanzia alfajiri kwenye kuokota. Bibo likidondoka limeiva, lakini likigonga chini hupasuka, na likikaa juani hadi mchana linachacha lenyewe, hovyo, pamoja na mchanga na nzi. Bibi alikuwa anaokota ya asubuhi ile ile tu, yaliyopasuka sana anayaacha. Anayaosha. Hilo la kuosha lisisitize sana, maana mikorosho hupuliziwa salfa ya unga dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga kuanzia Juni, na vumbi hilo hupenda kukaa kwenye majani na matunda. Akimaliza anang'oa korosho kwa kuinyonga kwa uzi au kwa mkono, siyo kwa meno, kwani mafuta ya ganda yakigusa mdomo yanababua. Ndipo anaponda kwenye kinu, anakamua, anachuja kwa kitambaa, anamimina kwenye chungu.

Wa siku ya kwanza ni mtamu, watoto walikuwa wanapewa kidogo. Wa siku ya pili ndio wenyewe. Wa siku ya tatu wazee waliupenda, mimi koo langu halikuuweza.

Kwa hiyo ukifika kwa huyo mama, usimuombe "uraka" tu. Mwombe mapema, wiki moja kabla, akuandalie vyungu viwili au vitatu vilivyopishana siku. Muonje vikiwa vimepangwa: wa jana, wa juzi, wa siku tatu. Hapo ndipo wageni wenu wataelewa kinywaji kinavyokua.

Mwana wa Ligula

Shikamoo ndugu yangu, na pole kwa bibi kama ametutoka. Hili la vyungu vilivyopishana siku sikuwa nimelifikiria na nalichukua kama lilivyo. Nitaenda mwenyewe Nanguruwe kuongea naye, siyo kwa simu.

Dada wa Chuno

Hongera kwa wazo, kaka. Nina mambo mawili.

Kwanza hao watatu wasiokunywa. Usiwafanye walinzi wa mikoba. Bibo lina raha yake bila kileo. Juisi ya bibo inaweza kuondolewa ukakasi nyumbani kabisa: unakamua, unatia uji mwepesi wa mchele uliopoa au wanga wa muhogo, unakoroga, unaacha itulie. Tanini inashikana na ule wanga na kuzama chini, juu unabaki na juisi angavu ambayo unaimimina taratibu. Ukiionja kabla na baada utashangaa. Waandalie glasi mbili mbili, ya kwanza ghafi na ya pili iliyosafishwa, nao wawe na kazi ya kulinganisha kama nyinyi. Maji ya dafu wanayapata Mikindani, tena kwa mnazi uleule unaowapa nyinyi tembo. Hakikisha tu juisi ni ya siku hiyo hiyo na imekaa kwenye barafu, maana kwa joto letu la Oktoba ikilala nje usiku mmoja tayari imeanza kuchachuka, na mtu aliyekuamini utakuwa umemnywesha asichokitaka.

Pili, majirani. Huku kwetu wengi ni Waislamu, na Mikindani ni mji wa misikiti ya zamani. Kunyweni kwa mgema, ndani ya uzio wake, siyo barabarani na madumu juu ya boneti huku mziki unalia. Akina dada mtakaokuja nao wabebe khanga. Mkipita na watu mkawasalimia vizuri hakuna atakayewauliza mnatoka wapi.

Mwana wa Ligula

Dada, ahsante sana. Glasi mbili mbili nimeipenda, nitaiandaa mimi mwenyewe alfajiri ile ile ya Jumamosi, kisha naiweka kwenye barafu. Na la khanga na mziki nitalisema kwenye kundi letu wazi kabisa, kama sharti.

Mkazi wa Mchinga

Mnaisahau Lindi kila mara. Tembo la mnazi la huku halina mshindani, na ukija unakula pweza. Hamieni Lindi, ni kilomita mia na kidogo tu.

Mwana wa Ligula

Mzee wangu wa Mchinga, Lindi tunaipenda, na wenzetu wawili wanatokea huko. Ila nataka siku moja isiyoliwa na barabara. Kwenda na kurudi Lindi kunachukua saa nyingi za asubuhi, na asubuhi ndiyo roho ya tembo. Andaeni ya kwenu, na sisi tutakuja kama wageni.

Kijana wa Masasi

Mkuu, mbona gongo haimo kwenye orodha? Hicho ndicho kinywaji kikuu cha mabibo. Goa kule India wanatengeneza pombe kali ya mabibo iitwayo feni, watalii wanalipa kwenda kuonja. Nanyi mnaonja uraka tu mnarudi?

Mwana wa Ligula

Kijana wangu, swali lako ni zuri na nitalijibu kwa kirefu, kwa sababu najua wapo wanaolifikiria bila kuliandika.

Ya Goa ni kweli tupu, na inanipa hamu kuliko wewe. Mkorosho ulipelekwa kule na Wareno kutoka Brazili, kama ulivyoletwa kwenye pwani yetu. Wenyeji wa Goa wakakanyaga mabibo kwa miguu kwenye mabeseni ya mawe, wakakamua, wakachachua, wakakeneka. Mwaka 2009 feni ikasajiliwa India kama bidhaa yenye asili ya mahali pake, maana yake hakuna mwingine anayeruhusiwa kutengeneza kitu popote na kukiita feni ya Goa. Lakini yule mkenekaji wa Goa ana leseni. Anajulikana, anakaguliwa, chupa yake ina jina lake.

Gongo yetu haina hata kimoja kati ya hivyo. Sheria ya moshi (yaani gongo) ya mwaka 1966 inakataza kuitengeneza, kuiuza na hata kuwa nayo bila leseni. Ukimpeleka mgeni kwa mkenekaji, unamweka huyo mkenekaji hatarini kuliko unavyojiweka wewe, kwani wewe utaondoka na yeye atabaki na kesi. Uraka na tembo havikenekwi. Vinachachuka tu, havijawahi kupita kwenye moto.

Na afya nayo. Ninaye jirani aliyeacha kuona vizuri baada ya kunywa kitu kilichoitwa gongo, hakuna aliyejua kilichochanganywa ndani. Siwezi kupanga siku ya furaha ya marafiki zangu halafu katikati yake niweke glasi ambayo hata aliyeimimina hajui kilichomo.

Natamani siku moja tuwe na mkenekaji wa Mtwara mwenye leseni na chupa yenye jina la Mtwara. Hiyo siku nitapanga safari nyingine kabisa.

Tabibu Mstaafu

Nimefanya kazi hospitalini huku Kusini muda mrefu. Naunga mkono alichosema mleta uzi, na nifafanue kidogo. Hatari kubwa ni methanoli, ambayo ladha na harufu yake haitofautiani sana na kileo cha kawaida. Mtu anaamka kesho yake anaona ukungu mbele ya macho, anatapika, anapumua kwa shida. Akichelewa kufikishwa hospitali anaweza kupofuka au kufa. Hakuna mbinu ya nyumbani ya kuipima. Wale wanaowasha kiberiti na kuangalia rangi ya moto wanajidanganya.

Kwa uraka na tembo, tahadhari ni za kawaida: usafi wa vyombo, maji ya kuoshea, na kula kabla ya kunywa. Msinywe tumbo tupu saa 1 asubuhi hata kama tembo ni tamu. Kuleni mhogo kwanza. Anayetumia metronidazole au dawa za usingizi asiguse kileo siku hiyo. Mwenye mimba apewe ile juisi ya Dada wa Chuno. Na jua la Oktoba la Mtwara linakausha mwili: kila mtu awe na chupa yake ya maji, siyo ya kugawana.

Mwana wa Ligula

Shikamoo daktari, na ahsante. Nimebadilisha ratiba papo hapo: mihogo inakuja kabla ya tembo, tutaipika usiku na kuibeba kwenye hotpoti.

Dereva wa Kusini

Nimeendesha abiria njia ya Newala kwa muda. Jambo moja: dereva asiwe mmoja wenu. Mtu akishasema "nitaonja kidogo tu" siku ya kuonja, amekwisha. Kodisheni gari na dereva wake, mlipeni vizuri, mpeni chakula kizuri, na mkubaliane naye kabla ya safari kwamba haonji kitu. Mkitaka kumpa zawadi, mfungieni chupa aende nayo kwake.

Na madumu ya tembo na uraka yasikazwe kifuniko. Hewa inazidi kutengenezwa ndani, barabara inatikisa, jua linawaka. Nimeshuhudia dumu likifumuka ndani ya gari iliyojaa watu. Nguo zilizoshika maji ya mabibo hazikutoka doa mpaka leo. Wote vaeni nguo za zamani.

Rafiki wa Zabibu

Mimi niko Dodoma, na nimelima zabibu. Nawapongeza. Ila leteni chupa ya Dodoma mezani pia, na ichague kwa makusudi. Huku tunavuna mara mbili kwa mwaka, wakati Ufaransa wanavuna mara moja, na aina zinazojulikana zaidi ni Makutupora nyekundu na Chenin Blanc nyeupe. Chukueni nyekundu iliyo kavu, isiyoongezwa sukari. Msinunue ile tamu, maana utamu utafunika kila kitu na hamtaweza kulinganisha ukakasi wa zabibu na ukakasi wa bibo, ambao ndio kiini cha uzi huu.

Namna ya kuonja kwetu ni hivi. Glasi ndogo, mimina vidole viwili tu. Angalia rangi dhidi ya kitambaa cheupe. Nusa kabla hujaizungusha, kisha izungushe unuse tena. Piga funda dogo, lizungushe mdomoni lifike kwenye fizi, maana ukakasi unasikika kwenye fizi na pembeni mwa ulimi. Meza au tema, vyote ni sawa na hakuna aibu kutema. Halafu nyamaza, hesabu ladha inakaa muda gani. Mwisho andika maneno yako kabla mwenzako hajasema yake. Mtu wa kwanza kuzungumza huwapotosha wote.

Mpangilio: chepesi kwanza, kizito mwisho. Kitamu sana kije mwishoni kabisa.

Mwana wa Ligula

Kaka wa Dodoma, umenipa nilichokuwa natafuta. Basi mpangilio wa mchana kule Nanguruwe utakuwa juisi iliyosafishwa, tembo la asubuhi lililokwisha badilika, uraka wa jana, uraka wa juzi, uraka wa siku tatu, kisha mvinyo wa mabibo wa chupa kama tutaupata, na mwisho nyekundu kavu ya Dodoma. Kila mtu daftari na kalamu. Nitabeba shuka jeupe litandikwe mezani.

Ninachokitamani kuliko vyote ni hayo maneno ya kwenye madaftari. Wataalamu wa zabibu wana maneno yao, mara beri, mara ngozi, mara mwaloni, na mengi ni ya vitu ambavyo mtu wa Nanguruwe hajawahi kuvinusa. Sisi tunavyo vya kwetu: embe dodo lililoiva kupita kiasi, ukwaju, udongo wa mvua ya kwanza, moshi wa kuni za mkorosho, maji ya muhogo uliolowekwa, chumvi ya Shangani upepo ukivuma. Nataka mtu aandike hivyo bila kujiuliza kama ni sahihi. Na nataka yule mama mwenyeji awe wa kwanza kuulizwa ladha ya uraka wake, kwa sababu yeye ndiye anayejua alichokusudia.

Newala Juu

Hapo kwa mama mwenyeji ndipo panaponitia wasiwasi kidogo. Oktoba ni mavuno. Asubuhi kila mtu yuko shambani anaokota korosho, maana ikilala kwenye unyevu inaharibika, na ghalani wanapima ubora. Minada nayo ndiyo inaanza. Mkimchukulia siku nzima mmemnyima kipato chake kikuu. Fikeni baada ya saa 6 mchana, na malipo yahesabu muda wake, siyo lita tu.

Kuhusu bei, usiibishanie na usiipandishe. Mlipe bei ya kilabu kwa kila lita, ile ile anayowauzia majirani, ili kesho asionekane amewageuka. Kisha muda wake, kuni, matumizi ya uwanja na chakula mlipe pembeni, kwa mkono, baada ya kukubaliana mapema. Na picha, mwombe. Wapo akina mama ambao watoto wao ni walimu au masheikh mahali pengine na hawapendi sura zao zionekane na chungu.

Mwana wa Ligula

Nimekuelewa kabisa, na nakubaliana na kila neno. Tutafika saa 7. Asubuhi ile iliyobaki kati ya Mikindani na saa 7 tutaitumia Naliendele wakitukubalia. Wasipotukubalia tutakwenda kuokota korosho kwenye shamba la mjomba wangu, lililo njiani. Wageni wetu wa Dar hawajawahi kuinama chini ya mkorosho. Wataokota, watang'oa, watajua bibo linatoka wapi kabla hawajalinywa. Korosho zote ni za mjomba. Picha za mama hazitapigwa kabisa, tutapiga za vyungu kwa ruhusa yake.

Dada wa Chuno

Chakula hujakitaja. Siku ya kuonja bila chakula ni taabu.

Mwana wa Ligula

Kweli dada, na chakula ni nusu ya jambo. Mezani kila wakati kuwe na kitu kisicho na ladha kali cha kusafisha ulimi: mhogo wa kuchemsha bila chumvi, na maji. Pilipili na limao tutaviweka mbali mpaka kuonja kumalizike. Baada ya hapo ndipo sherehe ianze. Nimeagiza ming'oko, vile viazi mwitu vya kwetu Kusini, kwa mama mmoja pale sokoni, ichemshwe siku hiyo hiyo. Korosho tunabangua wenyewe, za kukaanga kwa chumvi kidogo, nazo zinaendana na uraka wa siku ya pili kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kula nao: mafuta ya korosho yanaulainisha ule ukakasi, na uraka unaukata ule uzito wa mafuta. Kuku wa kienyeji atachomwa kule kule kwa mama. Jioni tukirudi mjini tunapita soko la samaki la Feri kuchukua changu na ngisi, tunachoma nyumbani kwangu Ligula, na tembo la asubuhi linaonjwa mara ya mwisho. Likiwa limeshakuwa siki, tutalimiminia ngisi.

Kijana wa Masasi

Mkuu nimekuelewa kuhusu gongo. Kuna nafasi ya mtu mmoja wa nje ya kundi? Ninaweza kuja na mabibo ya Masasi tulinganishe na ya pwani. Kwetu ardhi ni tofauti, na mengi ni mekundu.

Mwana wa Ligula

Karibu sana mdogo wangu. Hiace ina nafasi. Ila mabibo ya Masasi yatafika yamechoka; bibo halivumilii siku moja barabarani. Fanya hivi: kamua kwenu Ijumaa usiku, chuja, weka kwenye ndoo yenye kifuniko kilicholegea, njoo na basi la alfajiri, utukute Nanguruwe saa 7. Utakuwa umeleta uraka wa siku ya kwanza wa Masasi, tuuweke kando ya wa siku ya kwanza wa Nanguruwe. Kulinganisha ardhi mbili kwa tunda moja ndicho ambacho kaka wa Dodoma anakifanya na zabibu zake kila mwaka.

Rafiki wa Zabibu

Wekeni matokeo hapa baada ya safari. Andikeni hata yale msiyoyapenda. Nitatuma chupa mbili za nyekundu kavu kwa basi, mnilipe nauli tu.

Mwana wa Ligula

Tumekubaliana, kaka, na Mungu akubariki.

Basi hali ilivyo sasa: Hiace na dereva nimewapata, hanywi kabisa na amekubali bei. Mchango ni sh 40,000 kwa kila mtu, ndani yake kuna gari, chakula chote, malipo ya mgema na ya mama mwenyeji. Kitakachobaki kinakwenda kwa mama. Wasiokunywa wanalipa sh 30,000. Barua ya Naliendele inapelekwa Jumatatu. Jumatano nakwenda Nanguruwe kuomba vyungu vitatu. Glasi ndogo ninazo kumi, natafuta sita zaidi. Aliye na glasi za chai zile nyembamba, nyeupe, zisizo na maua, anijulishe hapa nizifuate.